Nyumba ya Gharama Nafuu Kenya: Kutoka Kujiandikisha Boma Yangu Hadi Hati Mkononi

Kila mwisho wa mwezi, mwajiriwa nchini Kenya hukatwa tozo ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara wake wote, kabla ya makato mengine, na mwajiri huongeza kiasi kicho hicho. Anayelipwa shilingi 40,000 anatoa 600, mwajiri naye anatoa 600. Nimewasaidia watu kadhaa kujaza maombi ya nyumba za gharama nafuu, na karibu kila mmoja huanza na swali lile lile: "Zangu zimefika ngapi?"

Hakuna zako. Inauma kulisema, lakini ni heri ulijue leo kuliko siku ya kupanga foleni. Tozo ya nyumba ni kodi kama kodi nyingine. Inaingia katika hazina moja inayojenga nyumba hizo, wala hairudishwi. Kukatwa miaka mitatu mfululizo hakukupi nyumba, na kutokatwa hata senti, kwa kuwa huna kazi ya mshahara, hakukuzuii kuomba. Anayeitaka nyumba lazima aiombe mwenyewe, aweke amana kwa jina lake mwenyewe, na athibitishe kipato chake. Mambo hayo matatu ndiyo nitakayoyaeleza hapa, pamoja na yale yanayokuja ukishapewa ufunguo, ambayo watu wengi hawayaulizi mpaka wamechelewa.

Kwanza, jua uko kundi gani

Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu ilitiwa saini Machi 2024, baada ya tozo ya awali, iliyokuwa katika Sheria ya Fedha ya 2023, kukataliwa na Mahakama Kuu. Sheria hii ya sasa inawagawa waombaji kwa kipato cha mwezi.

Anayepata chini ya shilingi 20,000 ni wa nyumba za kijamii. Anayepata kati ya 20,000 na 149,000 ni wa nyumba za gharama nafuu zenyewe. Anayezidi 149,000 ana kundi lake, la watu wa kipato cha kati, na bei yake inakaribia ya soko. Kuna pia nyumba za mashambani, kwa wanaoishi nje ya miji.

Usilichukulie kundi kama jina tu. Ndilo linaloamua bei ya nyumba, riba utakayotozwa na miradi unayoweza kuomba. Viwango vya riba vilivyotangazwa na serikali ni asilimia 3 kwa nyumba za kijamii, 6 kwa za gharama nafuu na 9 kwa kundi la juu. Kwa hiyo aliye ukingoni, kwa mfano anayepata 19,000 mwezi huu na 22,000 mwezi ujao, anahitaji kuwa mwangalifu sana na karatasi zake. Usipunguze kipato chako ili uingie kundi la chini. Ukigundulika umedanganya, unapoteza nyumba na amana iko mashakani. Lakini pia usikubali kipato chako kionekane kikubwa kuliko kilivyo, na hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kipato bila karatasi ya mshahara

Mwajiriwa ana njia fupi: karatasi za mshahara za miezi ya karibuni, barua ya mwajiri, basi. Kazi iko kwa mama mboga, fundi wa jua kali, mwendesha bodaboda na muuza mitumba. Kwa maoni yangu hawa ndio wanaozihitaji nyumba hizi kuliko wote, na ndio wanaokwama. Hawakwami kwa kukosa pesa. Wanakwama kwa sababu pesa zao hazina karatasi.

Jirani yangu anauza nguo za mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi. Jioni moja alikuja na simu yake tuangalie stetimenti ya M-Pesa. Tuliiomba kwenye programu ya simu, ikaja kwa barua pepe, tukaifungua kwa msimbo uliotumwa kwa SMS. Tukajumlisha yaliyoingia kwa miezi sita. Wastani ukatoka zaidi ya shilingi 70,000 kwa mwezi. Akaiangalia ile namba, akaniangalia mimi. "Jirani, hizi pesa ziko wapi? Mimi ndiye ninayekopa unga dukani tarehe 20."

Tukakaa na kalamu. Mstari kwa mstari, tukaanza kuona. Yeye ni mweka hazina wa chama cha wanawake kumi na wawili, na kila Jumamosi michango yote hupitia simu yake kabla ya kumfikia mwenye zamu. Pesa za ada ya shule ya mtoto wa dada yake huletwa kwake, yeye huzipeleka shuleni. Na mauzo ya Gikomba ni mauzo, si faida: bei ya kununulia marobota iko humo humo. Tulipotoa vyote hivyo, kipato chake halisi kilikuwa shilingi 17,000 na kidogo. Kwa karatasi ile ya kwanza angewekwa kundi la gharama nafuu, alipe riba mara mbili kwa nyumba ya bei ya juu. Kwa ukweli wake, alistahiki nyumba ya kijamii.

Kwa hiyo, ikiwa umejiajiri, anza sasa, angalau miezi sita kabla ya kuomba.

Tenganisha laini. Pesa za chama zipite kwenye laini nyingine au akaunti ya chama yenyewe, na pesa za biashara ziingie kwenye Pochi la Biashara au namba ya till, yaani huduma za M-Pesa za kupokelea malipo ya wateja. Laini yako ya kawaida ibaki na pesa zako tu. Halafu weka daftari. Daftari la shilingi hamsini, tarehe, uliyonunua, uliyouza, kilichobaki. Ukiulizwa kwa nini stetimenti inaonyesha 70,000 nawe unasema 17,000, daftari hilo ndilo litakalokujibia. Na kama wewe ni mwanachama wa Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, omba stetimenti ya akiba yako huko pia, kwa kuwa inaonyesha kwamba una mazoea ya kuweka kidogo kidogo bila kuruka mwezi.

Kujiandikisha

Hatua hii ni nyepesi, sitakaa sana hapa. Fungua tovuti ya Boma Yangu, ambayo ndiyo ya serikali ya kuombea nyumba hizi. Utahitaji kitambulisho cha taifa, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi) na namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Kujiandikisha hakulipiwi. Usiye na simu ya intaneti, nenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, au kwa mtoto wa jirani unayemwamini, lakini nenosiri liandike wewe na ulihifadhi wewe.

Mahali pa makosa ni majina. Hakikisha jina kwenye kitambulisho, kwenye PIN na kwenye laini ya simu ni lile lile kwa herufi zile zile. Nimeona ombi likikwama kwa sababu kitambulisho kilikuwa na majina matatu na PIN ilikuwa na mawili. Kurekebisha kunachukua siku, na mradi unaweza kufunguliwa na kujaa katika siku hizo.

Jaza sehemu ya familia kwa ukweli: mke au mume, watoto, mlemavu unayeishi naye. Sheria inaitaka Bodi ya Nyumba za Gharama Nafuu iwafikirie vijana, wanawake, watu wenye ulemavu na makundi yaliyoachwa nyuma wakati wa kugawa nyumba. Usipoandika, hakuna atakayejua. Na kumbuka kwamba mtu mmoja anastahiki nyumba moja tu chini ya mpango huu. Kuomba mbili kwa majina tofauti ili moja uipangishe ni kujitafutia shida.

Amana: weka kidogo, lakini weka

Ukishajiandikisha, akaunti yako ina sehemu ya kuweka akiba ya hiari. Hii sasa ndiyo pesa yako, si kama ile tozo. Sheria ya 2024 iliweka amana kuwa asilimia 10 ya bei ya nyumba. Angalia kiwango kilichoandikwa kwenye mradi unaouomba, kwa kuwa ndicho utakachodaiwa.

Chukua mfano wa Mukuru, Nairobi, ambako nyumba za kwanza 1,080 zilikabidhiwa wenyewe Mei 2025, katika mradi uliopangwa kuwa na nyumba 13,248. Chumba kimoja cha kujitegemea, bedsita ya mita 20 za mraba, bei yake ilitangazwa kuwa shilingi 640,000. Nyumba ya chumba kimoja cha kulala, mita 30, ni 960,000. Vyumba viwili vya kulala, mita 40, ni 1,280,000. Asilimia 10 ya bedsita ni 64,000.

Anayeweka shilingi 100 kila siku ya Mungu anazifikisha kwa siku 640, yaani mwaka mmoja na miezi tisa. Anayeweka 50 anahitaji miaka mitatu na nusu. Ndiyo maana nasema usingoje mradi wa mtaa wako utangazwe ndipo uanze kutafuta 64,000. Watu huwa wanakimbilia mkopo wa simu wa riba kali ili wapate amana, halafu wanaingia katika nyumba mpya wakiwa na deni la zamani. Hilo nalipinga kwa nguvu zangu zote.

Mambo yakigeuka na ukakosa nyumba, akiba hiyo ya hiari ni yako, na sheria inakuruhusu kuitoa kwa notisi ya maandishi ya siku 90. Siku 90 ni nyingi ukiwa na mgonjwa nyumbani. Kwa hiyo usiweke humo pesa ya dharura. Hiyo ibaki kwenye Sacco au M-Pesa.

Kuhusu mabroka: hakuna mtu anayeuza nafasi. Anayekwambia ana "mtu wake ndani" na kwamba elfu ishirini zitasukuma jina lako juu, anakuibia. Malipo yote yanapita kwenye akaunti yako mwenyewe na yanaonekana hapo papo hapo. Kama huyaoni kwenye akaunti, hujalipa.

Piga hesabu ya mwezi, na nauli humo humo

Bei ya nyumba inavutia macho, lakini utakayoishi nayo ni malipo ya mwezi. Kwa walio wengi njia ni ya mpangaji kuwa mnunuzi: unalipa kila mwezi kama unavyolipa kodi, ila malipo yakiisha nyumba inakuwa yako.

Bedsita ile ya 640,000, ukitoa amana, inabaki na deni la 576,000. Kwa riba ya asilimia 3 na miaka 30, malipo ni karibu shilingi 2,430 kwa mwezi. Katika mitaa mingi ya mabanda watu wanalipa zaidi ya hiyo kwa chumba cha mabati chenye choo cha jumuiya.

Sasa chukua mtu wa kundi la gharama nafuu, nyumba ya milioni 2, amana 200,000, deni milioni 1.8 kwa miaka 25. Kwa asilimia 6 analipa karibu 11,600. Deni hilo hilo kwa mkopo wa kawaida wa asilimia 14 lingemgharimu karibu 21,700 kila mwezi. Tofauti hiyo ya elfu kumi ndiyo thamani halisi ya mpango huu, na ndiyo sababu ya kuvumilia usumbufu wote huu.

Lakini hayo si malipo yote. Kuna ada ya huduma ya jengo: ulinzi, taa za ngazi, lifti, kuzoa taka, pampu ya maji. Kuna bima. Kuna umeme na maji yako. Muulize anayekuonyesha nyumba jumla ya yote kwa mwezi, akuandikie. Jumla hiyo ikizidi theluthi ya kipato chako, fikiria nyumba ndogo zaidi au subiri.

Halafu nauli. Watu wanaisahau nauli! Kama mradi ulioupata uko mbali na kazi yako na safari inaongeza shilingi 150 kwa siku, basi kwa siku 26 za kazi umeongeza 3,900. Hiyo ni zaidi ya malipo ya bedsita yenyewe. Kabla ya kuchagua mradi, panda matatu kutoka hapo hadi kazini kwako saa kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumatatu. Siku moja hiyo itakufundisha kuliko picha zote za kwenye tovuti.

Kuchagua mradi na kungoja

Waliojiandikisha ni wengi kupita nyumba zilizopo. Mradi wa Park Road, Ngara, uliokuwa wa kwanza, ulikuwa na nyumba 1,370. Bondeni, Nakuru, ni 605. Linganisha na idadi ya watu wa miji hiyo na utaelewa kwa nini kustahiki si sawa na kupewa.

Omba nyumba katika mradi wa eneo unalokaa au unalofanyia kazi kweli. Ingia kwenye akaunti yako angalau mara moja kwa wiki, na usibadilishe namba ya simu bila kuibadilisha kule. Ujumbe wa kugawiwa nyumba huja na muda wa kujibu, na ukiukosa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Walio na mshahara wa kutosha kukopa wasifikirie mpango wa serikali peke yake. Kampuni ya Kenya Mortgage Refinance Company, iliyoanzishwa 2018, huzikopesha benki na Sacco pesa za muda mrefu kwa masharti nafuu ili nazo ziwakopeshe wanachama kwa riba iliyo chini ya ile ya kawaida. Muulize meneja wa Sacco yako kama wamo. Huenda wamo na wanachama hawajui.

Siku ya kutia saini

Usitie saini siku ile ile unayopewa mkataba. Omba nakala, nenda nayo nyumbani, isome na mtu mwingine. Kama Kiingereza cha mawakili kinakusumbua, tafuta mtu akufasirie kifungu kwa kifungu. Kuna wanasheria wa vituo vya msaada wa kisheria wasiotoza.

Tafuta majibu ya maswali haya kwenye karatasi, usiridhike na ya mdomo. Nikikosa kulipa mwezi mmoja, nini hutokea? Miezi mitatu je? Nikiweza kumaliza deni mapema, kuna faini? Nikifa, nani anaendelea na nyumba, na deni linalipwa na bima au na watoto? Nikihamishwa kazi, naweza kuipangisha?

Majina yaandikwe sawasawa. Kama ni nyumba ya wanandoa, nakuomba yaandikwe majina ya wote wawili. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inakataza nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzio, lakini mjane anayebishana na shemeji zake ana nguvu zaidi jina lake likiwa juu ya karatasi.

Unaponunua nyumba yako ya kwanza chini ya mpango wa gharama nafuu, huhitaji kulipa ushuru wa stempu, ambao kwa kawaida mjini ni asilimia 4. Kwa nyumba ya milioni 2 hiyo ni 80,000. Mtu akikudai pesa hizo, mwulize ni kwa kifungu gani. Na aliyeajiriwa anayelipa riba ya mkopo wa nyumba anayoishi anaweza kukatiwa riba hiyo kwenye kipato kinachotozwa kodi, hadi shilingi 360,000 kwa mwaka. Pelekea mwajiri cheti cha riba kila mwaka, kwa sababu hakuna atakayekuja kukuomba.

Siku ya kupokea ufunguo, pita chumba kwa chumba kabla ya kusaini fomu ya kupokea. Fungua kila bomba uliache dakika tano. Vuta maji ya choo mara mbili. Washa kila taa, chomeka chaja ya simu kwenye kila soketi. Mwaga ndoo ya maji sakafuni bafuni uone kama yanaelekea kwenye shimo au mlangoni. Piga picha kila ufa, uandike kwenye fomu. Kasoro isiyoandikwa siku hiyo itakuwa yako.

Unamiliki nini hasa

Hapa ndipo nataka usikilize vizuri. Nyumba ni yako, lakini huwezi kuiuza utakavyo. Sheria inasema mnunuzi hawezi kuuza nyumba hiyo, wala kukubaliana na mtu kumuuzia, bila idhini ya Bodi kwanza. Makubaliano ya pembeni na karatasi ya chifu hayana nguvu. Nimesikia watu wakilalamika kwamba huo si umiliki. Mimi naona ni haki. Nyumba iliyojengwa kwa kodi ya wote ili mwenye kipato kidogo apate makao isiishie mikononi mwa tajiri anayekusanya nyumba kumi za kupangisha. Lakini ujue sharti hilo kabla ya kuingia. Kama nia yako ni kununua uuze kwa faida baada ya miaka miwili, hii si nyumba yako.

Hati utakayopata mwisho inatokana na Sheria ya Sehemu za Majengo ya 2020, inayompa mwenye kila nyumba ya ghorofani hati yake mwenyewe ya sehemu yake. Ngazi, paa, kuta za nje na uwanja ni vya wenye nyumba wote kwa pamoja, na huendeshwa na shirika la wamiliki la jengo hilo. Wewe ni mwanachama wake tangu siku unapokuwa mmiliki.

Hudhuria mikutano yake. Ada ya huduma inapangwa hapo, na mlinzi anaajiriwa hapo. Nimelitembelea jengo moja ambalo lifti ilikaa miezi mitano bila kufanya kazi kwa sababu wenye nyumba wa chini walikataa kuchanga, na bibi wa ghorofa ya saba akawa anashuka mara moja tu kwa wiki. Omba taarifa ya mapato na matumizi kila robo mwaka. Mweka hazina akikwepa mara mbili, itisheni mkutano wa wamiliki.

Hifadhi risiti ya kila malipo tangu amana ya kwanza hadi la mwisho, kwenye simu na kwenye bahasha. Jirani yangu wa Gikomba ana bahasha ya kaki aliyoibandika ndani ya mlango wa kabati. Kwa nje ameandika kwa kalamu nyekundu: NYUMBA, MSIGUSE. Imeshafika shilingi 41,300.